Kidole Juu ya Kitufe

Baba wa babu yangu alikuwa mpiga kengele wa bandari, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuna meli iliyolalamika kwamba alichelewa hata dakika moja. Babu yangu alikuwa karani wa simu za maandishi. Alipokea habari za vifo na za harusi za mji mzima, na hakuna aliyewahi kusikia siri ikitoka kinywani mwake. Baba yangu alipima mizigo gatini, na mizani yake haikuwahi kuitiwa shahidi. Mimi nilifundisha imla na kusoma kwa sauti miaka thelathini na minne. Nilitamka sentensi mara moja tu. Asiyesikia, shauri yake. Nayasema haya si kwa majivuno, bali ili ieleweke kwamba katika nyumba yetu neno ni amana, na mtu wa ukoo huu akishindwa mtihani, hashindwi peke yake.

Mjukuu wangu alishindwa siku ya Jumanne.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa waendesha redio wa kujitolea katika kituo cha uokoaji baharini. Kituo hicho ni chumba kimoja juu ya ghala la kamba, chenye madirisha matatu, redio mbili, ramani ya pwani chini ya kioo, daftari la wito, na saa ya ukutani ambayo haiguswi na mtu yeyote ila mkuu wa kituo. Mchana binti huyu alikuwa akitoa nakala na kuchapa barua za watu dukani. Jioni, kwa miezi mitano, alipanda ngazi za ghala lile kujifunza. Alijifunza kutaja tarakimu mojamoja. Alijifunza kuandika saa kabla ya kuandika lolote jingine. Alijifunza kumuuliza aliye hatarini mambo matatu kwa utaratibu: mko wapi, mko wangapi, mmepatwa na nini. Kwa kazi hiyo halipwi mtu, hata nauli.

Mama yake, mkamwana wangu, ambaye hupiga pasi mashuka ya hoteli kuanzia alfajiri, alipokea habari ile bila kuinua macho kutoka kwenye shuka alilokuwa akilikunja. Alisema kwamba kukosa kazi ya mshahara ni bahati mbaya, lakini kukosa kazi ya bure kunahitaji kipaji. Kisha akamwekea binti chai na kumkatia kipande kikubwa cha mkate, maana ndivyo alivyo. Ulimi wake pilipili, mkono wake asali.

Aliyeniumiza zaidi alikuwa kinyozi wa jirani. Wiki nzima kabla ya mtihani nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake nikisema mjukuu wangu ataongea na meli. Jumatano, akiwa ameninyoa upande mmoja, aliniuliza mbele ya wateja watatu kama meli zimejibu. Nilimwambia kwamba mkasi wake ni butu, nikaenda zangu bila kunyolewa upande wa pili.

*

Alhamisi nilivaa koti langu la shughuli, nikaandika barua ya malalamiko kwa hati iliyonyooka, nikapanda ngazi za ghala la kamba. Nilikutana na mkufunzi, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa afisa wa redio melini, mnene, mtulivu, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alinipa kiti, akaisoma barua yangu mpaka nukta ya mwisho, akasema kwamba tangu aanze kazi hiyo hajapata kusoma lalamiko lililoandikwa vizuri kiasi kile. Halafu akanisikilizisha mtihani, kwa kuwa mitihani yao hurekodiwa.

Kabla ya hapo alinieleza jambo ambalo sikulijua. Redio hizi si kama simu. Ukibonyeza kitufe unasema, lakini husikii. Ukikiachia unasikia, lakini husemi. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote wawili wanapotea.

Nilisikia sauti ya mwanamume, mwalimu mwenzake aliyejifanya yuko kwenye boti inayowaka moto. Akasema, "Tuko watu... tuko watu..." na hapohapo sauti ya mjukuu wangu ikaingia, laini, yenye huruma tele: "Watu wanne, nimekupata, msiogope." Boti za aina ile huchukua watu wanne. Ukafuata mlio wa kukwaruza, basi.

"Walikuwa saba," alisema mkufunzi. "Boti ya uokoaji ingechukua wanne na kurudi nyumbani ikiimba."

Nikamwambia kwamba binti alitaka kumsaidia yule mtu.

"Najua, Mwalimu, na hapo ndipo penye ubaya. Angekuwa katili ningemfukuza siku ya kwanza. Huyu ni mwema, na wema wake una haraka." Alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaitazama kama aliyeisahau, akairudisha. "Nyumbani kwenu kuna nani asiyeachwa amalize maneno yake?"

Niliikunja barua yangu mara nne nikaitia mfukoni.

Kwa sababu yuko. Mwanangu, baba wa binti huyu, ni fundi wa mashine za boti, na mjini hakuna mwenye sikio kama lake kwa mashine inayougua. Lakini ana kigugumizi tangu alipokuwa na miaka minne, na neno likigoma hugonga kidole chake upesi upesi juu ya chochote kilicho karibu. Binti yake alipofikisha miaka sita alianza kusimama pembeni yake kila mahali: kwenye duka la vipuri, zahanati, shuleni, mbele ya mteja anayebisha bei. Baba alianza neno, mtoto alilimaliza. Tukampa jina la utani, Mkalimani, na jina likamkaa kuliko lile la cheti. Sote tulimsifu kwa hilo, na mimi niliyemsifu kuliko wote ndiye niliyeuanzisha mchezo ule. Mwanangu alipokuwa na miaka tisa alikuwa darasani kwangu. Nilimsimamisha asome. Alifika kwenye neno moja akakwama, wenzake hamsini wakaanza kucheka, nikalitamka mimi na kumwambia akae. Nilidhani nimemwokoa. Sikumsimamisha tena mpaka mwaka ukaisha.

Mkufunzi aliniambia kwamba mtihani utarudiwa baada ya wiki sita, na kwamba katika muda huo binti atakaa zamu za kweli, yeye mwenyewe akiwa nyuma yake.

*

Mjukuu wangu alianza mazoezi yake mezani kwetu, bila kutangaza. Jioni moja baba yake alisema, "Ni-ni-nipe..." na mkono wa mama yake ukaenda kwenye chumvi, na wangu kwenye sukari, kama kawaida ya miaka yote. Binti akaiweka mikono yake miwili juu ya meza na kutulia. Kimya kile kilikuwa kirefu na kibaya. Mkamwana wangu alitazama dari. Mimi nilivumilia kwa muda wa kuhesabu mpaka sita, kisha nikasema, "Chumvi."

"Babu," alisema Mkalimani kwa upole, "umembonyezea."

Mwanangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza kucheka alisema, kwa wakati wake, kwamba alikuwa akiomba kisu.

Tulijifunza hivyo, na haikuwa rahisi. Chai zilipoa. Mkamwana wangu alinung'unika kwamba nyumba hii sasa inahitaji kalenda badala ya saa. Lakini tuliyoyasikia hatukuwa tumeyasikia kabla. Ilibainika kwamba mwanangu hapendi chai ya maziwa, ambayo amekuwa akinyweshwa kwa miaka kumi na tisa kwa sababu hakuna aliyemngoja afike mwisho wa sentensi. Ilibainika pia kwamba ni mchekeshaji. Siku moja alitumia karibu dakika nzima kufikisha mzaha mmoja kumhusu kinyozi na upande wangu usionyolewa, na mkewe alicheka akalazimika kuinua pasi asiunguze shuka la watu.

*

Jumamosi ya wiki ya nne, wakati wa kifungua kinywa, mwanangu alitueleza kwamba anakwenda kujaribu mashine ya mteja. Atafuata njia yake ya siku zote, mpaka nyuma ya mnara wa taa na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mafundi wote hujaribia mashine huko, kwa kuwa maji yametulia. Mkalimani aliondoka mapema kwenda zamu, akasahau miwani yake ya kusomea karibu na kikombe. Nikaichukua nimpelekee.

Chumba kile kina benchi la wageni karibu na mlango, na juu yake pameandikwa kwamba mgeni hakohoi bila sababu. Nilikaa. Mkufunzi alikuwa kwenye kiti cha nyuma, mikono kifuani. Mjukuu wangu hakugeuka. Alikuwa amekaa wima, vipokea sauti shingoni, mkono wa kulia karibu na kipaza sauti, na redio ilikuwa ikisema.

Sijui niieleze vipi hali ile. Nimeishi na bahari mbele ya dirisha langu maisha yangu yote nikidhani ni maji. Kumbe imejaa sauti. Meli ya mizigo isiyoonekana hata kwa macho ya kijana ilisema itafika kesho. Mwanamume mmoja aliuliza upepo. Mwingine, kwa sauti ya usingizi, alisema wavu wake umenasa na haombi msaada, anaarifu tu. Na kila mmoja alijibiwa na binti niliyemfundisha kushika kalamu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani: tulivu, iliyonyooka, isiyo na haraka wala madaha. Alirudia kila alichoambiwa, neno kwa neno, na kukiandika. Nikavua kofia yangu.

Saa nne na dakika kumi na saba redio ilifunguka, na hakuna aliyesema.

Palikuwa na mvumo tu, wa mahali palipo na upepo. Mtu amebonyeza kitufe na haneni. Mkufunzi aliinua kichwa. Baadaye aliniambia alidhani kitufe cha mtu kimenasa. Lakini ndani ya mvumo ule palikuwa na kitu kidogo, kama kidole kinachogonga ubao mara nyingi upesi upesi, na mimi na mjukuu wangu tulikitambua kwa pamoja. Niliona mabega yake yakipanda. Kisha yakashuka. Akaandika saa.

"Ki-ki-ki-kituo," ilisema sauti ya mwanangu. "Wi-wito wa hatari. Boti inaingiza ma-ma-maji. Mashine i-imezima."

Alipoachia, binti alibonyeza. Alisema kwamba kituo kimempata, boti inaingiza maji, mashine imezima. Hakumwita Baba. "Mko wangapi? Ova." Ova ni neno lao la redio, maana yake nimemaliza, sema wewe.

Kikapita kimya, kisha kugonga kule, kisha, "Watatu." Tulijua ni wawili, fundi na mteja. Akaandika watatu, akarudia watatu.

"Mko wapi? Ova." Akaachia.

"Tu-tuko nyuma ya... nyuma ya..."

Na mvumo ukabaki mtupu. Dirishani, chini yetu, boti ya uokoaji ilikuwa imekwisha kuwashwa. Nahodha wake husikiliza redio hiyohiyo, naye, kama mji mzima, alijua fundi huyu hujaribia wapi mashine. Niliiona pua ya boti ikigeuka kuelekea mnara wa taa. Nikasimama. Maji yalikuwa yakimwingilia mwanangu, na neno lilikuwa hapa, mdomoni mwangu, tayari, limekamilika.

"Mnara wa taa," nilisema. "Mwambie basi ni mnara wa taa."

Mjukuu wangu hakugeuka. Aliinua mkono wa kushoto, kiganja kunielekea, kama anayesimamisha gari. Kidole cha mkono wa kulia kilikuwa juu ya kitufe. Nilikiona pale juu, na nilijua kinataka nini, kwa kuwa kilikuwa na miaka kumi na sita ya mazoea. Angelisema yeye, sauti ya baba yake ingepotea, na baadaye baba angekubali tu, kama alivyokubali chai ya maziwa. Halafu kikainuka. Akauondoa mkono mzima kwenye kitufe, akaulaza juu ya ramani na kungoja.

Saa ya ukutani ilitembea. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo gumu kuliko lile, na jambo lenyewe lilikuwa kutofanya kitu. Sekunde kumi. Kugonga kulianza, kukasita, kukaanza. Ishirini. Mkufunzi alikuwa ameegemea mbele. Nilisali kwa maneno ambayo sikuyamaliza.

"Nyuma ya ga-gati la saruji," ilisema sauti. "Gati la saruji. Mteja a-aligeuza njia. A-alitaka kumwonyesha babake kiwanda."

Gati la saruji liko upande wa pili wa ghuba.

"Nyuma ya gati la saruji," alirudia Mkalimani, kila neno mahali pake. "Watu watatu. Boti inaingiza maji, mashine imezima. Vaeni jaketi za kuokolea, kaeni pamoja. Usiharakishe, nakusikia. Ova."

Dirishani, ile pua ya boti ilikata maji na kugeuka.

Walifikiwa baada ya dakika kumi na tisa. Maji yalikuwa yamefika kwenye viti, na yule mzee, baba wa mteja, alikuwa amebebwa begani na mwanangu kama gunia, akilalamika kuhusu viatu vyake. Nahodha alipotangaza kwamba wote watatu wamo botini, mjukuu wangu aliandika saa, akapiga mstari chini yake, akaweka kalamu.

"Babu," alisema, "nipe miwani yangu."

Alikuwa ameandika yote yale bila miwani, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna hata moja iliyokosewa. Mkufunzi aliinama akasoma ukurasa kuanzia juu. Alimwambia kwamba amesahau kuuliza rangi ya boti. Kisha akatia sahihi pembeni, akaenda kusimama dirishani akitugeuzia mgongo, na alikaa huko kwa muda mrefu kuliko bahari ile ilivyostahili kutazamwa.

Mtihani wa marudio aliufanya baada ya wiki mbili, akafaulu. Cheti kiko ukutani kwetu, na kinyozi alikuja mwenyewe kukisoma. Lakini mimi nahesabu kwamba alihitimu Jumamosi ile.

*

Jioni ya siku hiyo mwanangu alitusimulia habari yote mwenyewe. Ilichukua muda wa maji ya chai kuchemka mara mbili na kupoa mara mbili. Mkamwana wangu alikuwa ameuma ncha ya kijiko ili mdomo wake usikimbie. Alitueleza jinsi ubao wa chini ulivyopasuka, jinsi mteja alivyomnyang'anya redio ili aseme yeye, na jinsi alivyokataa kumpa, kwa sababu mteja hakujua gati lile linaitwaje. Alisema kwamba alipokuwa amebonyeza kile kitufe na neno limegoma, aliisikia hofu yake ya zamani ikija, ile ya kwamba sasa hivi mtu ataingia na kumnyamazisha. Akangoja aingiliwe. Hakuingiliwa. Basi neno likatoka.

Kisha akanigeukia mimi.

"Baba," alisema. "Da-darasani. Siku ile. Ni-ni-nilikuwa nalijua lile neno."

Sikudhani anaikumbuka siku ile. Sikudhani kuna mtu anayeikumbuka ila mimi.

"Lisome," nilimwambia.

Akavuta pumzi. Hakuna aliyesogea mezani. Mkalimani alikuwa ameilaza mikono yake juu ya kitambaa, kama alivyoilaza juu ya ramani.

"Ke," alisema mwanangu. "Ke-ke. Ke. Kengele."

"Vizuri sana," nilimwambia, kama nilivyowaambia wenzake hamsini.

Sasa, ninyi vijana mliokaa hapa kunisikiliza, mnaojua kuandika kwa vidole viwili na kujibu kabla hamjaulizwa, wekeni chini mlivyoshika. Nimefundisha miaka thelathini na minne kwa kutamka sentensi mara moja tu, na nilikosea. Hii nitairudia kila mtakaponiomba, leo, kesho na hata mkinikuta kitandani sijiwezi. Mwenzenu akikwama, ondoeni kidole. Mwacheni amalize. Huko aliko anapajua yeye peke yake, na maji yanaingia.

Haya, semeni tena sentensi hiyo kwa sauti, mmoja mmoja. Nangoja.